Sheria Isiyokataza: Fedha za Serikali na Utafiti wa Seli Shina

Usiku wa Agosti 9, 2001, Rais George W. Bush aliwahutubia Wamarekani kwa televisheni kutoka kwenye shamba lake la Crawford, jimboni Texas. Alikuwa na miezi saba tu madarakani. Hakuzungumzia vita wala kodi. Alizungumzia seli ambazo bila hadubini hakuna anayeweza kuziona.

Alisema serikali kuu ya Marekani itaanza kufadhili utafiti wa seli shina zinazotokana na viinitete vya binadamu, ila kwa sharti moja. Fedha hizo zingetumika kwa seli zilizokwisha kupatikana kabla ya saa tatu ya usiku ule, saa za Washington. Zitakazopatikana baada ya hapo hazingepata hata senti moja ya mlipa kodi.

Hakupiga marufuku chochote. Hakuna mtafiti aliyekamatwa, hakuna maabara iliyofungwa kwa kufuli. Mwenye fedha zake binafsi aliruhusiwa kuendelea kama kawaida. Hata hivyo kwa miaka karibu minane iliyofuata, sharti lile liliamua nani atafiti nini, atafitie wapi, na kwa seli zipi. Ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kusikilizwa na kila anayedhani kwamba serikali huongoza sayansi kwa sheria za kuruhusu na kukataza peke yake. Bajeti nayo huongoza, na mara nyingi huongoza kwa nguvu zaidi.

Seli shina ni seli ambazo bado hazijashika kazi maalumu mwilini. Seli ya moyo hudunda, ya neva hupeleka taarifa, ya kongosho hutengeneza insulini, na zote hizo zimekwisha kufika mwisho wa safari yao. Seli shina ingali njiani: hugawanyika na kuzaa seli za aina nyingine. Watu wazima tunazo, hasa ndani ya uloto wa mifupa, ambako damu mpya hutengenezwa kila siku. Lakini zilizomo ndani ya kiinitete cha siku tano hivi zina uwezo mpana mno. Zinaweza kuwa karibu kila aina ya seli ya mwili wa binadamu. Tatizo ni kwamba kuzichukua huko kunamaanisha kukiharibu kiinitete chenyewe.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia, na haukuwa ubishi wa kipuuzi. Kwa Kanisa Katoliki na kwa waumini wengi wa madhehebu mengine, kiinitete ni uhai wa mtu tangu mwanzo, na hakuna tiba inayohalalisha kuukatisha. Upande wa pili walikuwapo wagonjwa wa kisukari, wa Parkinson na waliovunjika uti wa mgongo, pamoja na familia zao. Hao walikumbusha kwamba kliniki za uzazi zilikuwa na viinitete vingi vilivyobaki kwenye majokofu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2003 ilikuta karibu 400,000 nchini Marekani, ingawa vingi vilikuwa bado vimetunzwa kwa ajili ya wazazi wenyewe. Swali likawa zito zaidi lilipoguswa suala la kodi: je, ni haki mwananchi kulipia jambo ambalo dhamiri yake inalikataa?

Bunge la Marekani lilikwisha kutoa jibu lake mapema. Mwaka 1996 lilipachika ndani ya sheria ya bajeti kipengele kinachobeba majina ya wabunge wawili, Jay Dickey na Roger Wicker. Kinakataza fedha za serikali kuu kutumika katika utafiti unaotengeneza au kuharibu viinitete vya binadamu. Kimeongezwa upya katika bajeti mwaka baada ya mwaka.

Matokeo yake yalionekana haraka. Novemba 1998, James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitangaza kuwa amefaulu kuotesha maabarani seli shina kutoka viinitete vya binadamu, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Kazi hiyo hakuifanyia kwenye maabara yake ya kawaida, kwa kuwa humo mlikuwa na vifaa vya fedha za serikali. Aliifanyia mahali pengine, kwa fedha zilizotoka hasa kwa kampuni ya Geron ya California. Kwa kuwa kampuni ndiyo iliyotoa fedha, kampuni ndiyo iliyopata haki za kibiashara juu ya aina kadhaa za seli zitakazotokana na ugunduzi ule. Serikali ilipojitoa kwenye hatua ile ya mwanzo, ilijitoa pia kwenye meza ambako haki hizo hugawanywa.

Turudi kwenye ile hotuba ya Crawford. Rais alisema koo za seli zilizokuwapo tayari duniani zilikuwa zaidi ya 60. Ukoo hapa ni seli zote zilizotokana na kiinitete kimoja, zinazoendelea kugawanyika maabarani bila kukoma. Watafiti walipoanza kuziomba, ilibainika kuwa nyingi hazifai au hazipatikani. Hatimaye zilizoweza kutumika kwa fedha za serikali zilikuwa 21. Tena zilikuwa zimekuzwa juu ya seli za panya, na mwaka 2005 watafiti wa San Diego walionyesha kwamba seli zilizokuzwa kwa malighafi ya wanyama zilikuwa zimefyonza sukari isiyotengenezwa na mwili wa binadamu. Mwili wa mgonjwa ungeweza kuzishambulia. Sayansi iliendelea kupata njia bora za kukuza seli, lakini fedha za umma zilibaki zimefungwa kwenye tarehe moja ya mwaka 2001.

Maisha ya kila siku maabarani nayo yalibadilika. Chuo kilichotaka kutumia koo mpya ilikibidi kitenge kila kitu: hadubini, jokofu, mashine ya kuoteshea seli, hata mishahara ya wasaidizi. Kifaa kilichonunuliwa kwa fedha za serikali hakikuruhusiwa kugusa seli zisizokubaliwa. Katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, timu moja ilifanya kazi kwa miaka miwili ndani ya maabara ya muda iliyolipiwa na wafadhili binafsi. Umeme ulikatika. Majokofu ya maabara zilizofadhiliwa na serikali yalikuwapo, lakini seli hazikuweza kuhamishiwa huko. Ziliharibika, na kazi ya miaka miwili ikapotea nazo.

Kwa nini basi watafiti wasingetafuta fedha kwingine wakaachana na serikali? Jibu liko kwenye mfumo wenyewe. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zinazojulikana kwa kifupi kama NIH, ndizo mfadhili mkubwa kuliko wote wa utafiti wa tiba duniani. Kijana aliyemaliza shahada ya uzamivu akitaka kuanzisha maabara yake, ruzuku ya NIH ndiyo inayomfungulia mlango wa ajira ya kudumu chuoni. Kampuni binafsi inataka bidhaa ndani ya miaka michache, wakati swali la msingi la biolojia laweza kuchukua miaka 20. Mtu akiambiwa kwamba eneo fulani la utafiti halina ruzuku ya uhakika, wengi huchagua eneo jingine. Hasara ya namna hiyo haionekani kwenye takwimu, kwa maana majaribio ambayo hayakufanyika hayana ripoti.

Wachache waliokuwa na jina na marafiki wenye uwezo walipita. Doug Melton wa Harvard, ambaye watoto wake wawili wana kisukari cha aina ya kwanza, alikusanya fedha kutoka Taasisi ya Howard Hughes, chama cha kupambana na kisukari cha vijana na wafadhili wa chuo chake. Mwaka 2004 alitangaza koo mpya 17 na kuzigawa kwa watafiti wengine. Roger Pedersen yeye aliondoka kabisa. Mwaka 2001 alihama San Francisco kwenda Cambridge, Uingereza.

Uingereza haikuwa nchi ya holela. Sheria yake ya mwaka 1990 iliweka mamlaka maalumu ya kutoa leseni kwa kila mradi unaohusu viinitete, na kukataza kukikuza kiinitete maabarani zaidi ya siku 14. Mwaka 2001 bunge liliongeza utafiti wa seli shina kwenye kazi zinazoweza kupewa leseni, na serikali ikagharamia benki ya taifa ya kuhifadhi koo za seli. Udhibiti mkali na fedha za umma vilikwenda pamoja, na mtafiti alijua mipaka yake kabla hajaanza. Ujerumani nayo, yenye kumbukumbu nzito ya yale yaliyofanywa na madaktari wa enzi za Hitler, ilikataza kuzalisha seli hizo nchini na ikaruhusu kuagiza tu zile zilizokuwapo kabla ya Januari 1, 2002. Mwaka 2008 bunge lake lilisogeza tarehe hiyo hadi Mei 1, 2007.

Nchini Marekani kwenyewe, pengo lililoachwa na Washington lilizibwa na wapiga kura. Robert Klein, mfanyabiashara wa nyumba wa California mwenye mtoto anayeugua kisukari, aliongoza kampeni ya kuliomba jimbo lake likope fedha kwa ajili ya utafiti. Novemba 2004 asilimia 59 ya waliopiga kura walikubali jimbo liuze hatifungani za dola bilioni 3. Ukigawa kwa miaka 10, ni takriban dola milioni 300 kila mwaka. Mwaka 2008, NIH nzima ilitumia karibu dola milioni 88 kwa utafiti wa seli shina za viinitete vya binadamu. Jimbo moja lilikuwa limelipiku taifa.

Fedha hizo hazikuja bila dosari. Kesi mahakamani zilichelewesha hatifungani hadi 2007, na pamoja na riba deni lote lilikadiriwa kufika dola bilioni 6. Jopo la wataalamu lililokagua mwaka 2012 taasisi ya California iliyoundwa kugawa fedha hizo lilisema wazi kwamba bodi yake ilijaa wawakilishi wa vyuo vilevile vinavyoomba ruzuku, na likataka muundo ubadilishwe. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Kodi ya wananchi ikitolewa kwa wingi na kwa haraka, nafasi ya mtu kujipimia mwenyewe huwa kubwa.

Kuna mfano mchungu zaidi wa hatari hiyo. Serikali ya Korea Kusini ilimmiminia fedha Hwang Woo-suk wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, ikampa cheo cha mwanasayansi mkuu wa taifa na kutoa stempu ya posta kusherehekea kazi yake. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 ilithibitika kwamba matokeo yake ya kutengeneza seli shina kwa viinitete vya kloni yalikuwa ya kughushi. Serikali ilikuwa imetoa kila kitu isipokuwa uangalizi.

Huko Washington, bunge lilijaribu mara mbili kulegeza sharti la 2001, na mara mbili Rais Bush akatumia kura ya turufu, Julai 2006 na Juni 2007. Ile ya 2006 ndiyo ilikuwa ya kwanza katika urais wake. Siku iliyofuata, Gavana Arnold Schwarzenegger wa California, aliyekuwa wa chama kilekile cha Rais, aliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kutoka hazina ya jimbo ili taasisi ianze kazi bila kungoja kesi ziishe. Machi 9, 2009, Barack Obama aliondoa sharti la tarehe kwa amri ya rais. Kipengele cha Dickey na Wicker kilibaki palepale.

Wengi walidhani mambo yametulia. Agosti 23, 2010, jaji wa Washington, Royce Lamberth, alitoa amri ya zuio baada ya watafiti wawili wa seli shina za watu wazima kudai kwamba ufadhili ule unakiuka kipengele kile na unawapunguzia nafasi ya kupata ruzuku. NIH iliwaamuru watafiti wake yenyewe wasimamishe majaribio. Wiki chache baadaye mahakama ya rufaa ilisitisha zuio, na kesi ikaisha kabisa Januari 2013 Mahakama ya Juu ilipokataa kuisikiliza. Kwa muda wote huo, mtafiti hakuwa na hakika kama ruzuku yake itafika mwakani. Seli zinahitaji kulishwa kila siku, Jumapili na sikukuu. Hazingoji hukumu.

Wakati Wamarekani wakivutana, jambo lililobadilisha mjadala wote lilitokea Japani. Shinya Yamanaka hakuwa mtu maarufu alipokuwa katika taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nara. Wazo lake lilionekana la kubahatisha: kuchukua seli ya kawaida ya ngozi na kuirudisha nyuma hadi iwe kama ya kiinitete, bila kugusa kiinitete chochote. Mwaka 2003 wakala wa serikali ya Japani ulimpa ruzuku kubwa ya miaka kadhaa. Akiwa amehamia Kyoto, yeye na msaidizi wake Kazutoshi Takahashi walianza na jeni 24, wakapunguza hadi 4 zinazotosha. Seli za panya zilitangazwa 2006, za binadamu 2007, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Wapo wanaosema ugunduzi huo ni ushahidi kwamba Bush alikuwa sahihi, kwamba kubana fedha kulilazimisha watu kutafuta njia nyingine. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa Yamanaka mwenyewe ameeleza kwamba alitaka kuviepuka viinitete. Lakini hakufanikiwa kwa sababu alinyimwa fedha. Alifanikiwa kwa sababu alipewa, na alipewa za miaka ya kutosha kukosea na kurudia. Tena Yamanaka na wenzake walijua seli yao mpya inafanana na ya kiinitete kwa sababu ile ya kiinitete ilikuwa imekwisha kuchunguzwa na kupimwa, hivyo walikuwa na kitu cha kulinganishia.

Japani ilielewa hilo. Mwaka 2013 serikali yake iliahidi yeni bilioni 110 kwa miaka 10, na Septemba 2014 huko Kobe, timu ya Masayo Takahashi ilimpandikizia mgonjwa wa macho tishu iliyotokana na seli za ngozi yake mwenyewe. Hata hivyo mwaka 2019 maofisa walifikiria kuukatia fedha mradi wa benki ya seli za Kyoto. Yamanaka, pamoja na Nobel yake, ilimbidi asimame mbele ya waandishi wa habari kuutetea. Aliutetea, na ufadhili ukaendelea.

Je, fedha zote hizo zimezaa nini? Uponyaji ulioahidiwa wakati wa kampeni ya California ya 2004 ulichelewa kuliko walivyoambiwa wapiga kura, na hilo lisifichwe. Lakini matunda yapo. Mwaka 2021 madaktari wa Los Angeles na London walitoa ripoti ya watoto 50 waliozaliwa bila kinga ya mwili. Walitibiwa kwa seli shina za damu yao wenyewe zilizorekebishwa jeni, na kwa 48 kati yao tiba ilishika. California na NIH ni miongoni mwa waliolipia kazi hiyo. Mwaka 2025 zilichapishwa habari za wagonjwa 12 wa kisukari cha aina ya kwanza waliopandikizwa seli za kutengeneza insulini zilizooteshwa kutoka seli shina, kazi inayotokana na maabara ya Melton. Baada ya mwaka mmoja, 10 hawakuhitaji tena sindano za insulini, ingawa wanalazimika kutumia dawa za kushusha kinga. Tangu tangazo la Thomson hadi hapo ni miaka 27.

Msikilizaji wa Dar es Salaam, Kisumu au Mwanza ana sababu ya kufuatilia haya. Seli shina za damu ndizo zinazolengwa na tiba mpya za selimundu, ugonjwa ambao maelfu ya watoto wa Afrika Mashariki huzaliwa nao kila mwaka. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 inauzwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Utafiti wa selimundu uliojengwa Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2004, chini ya daktari Julie Makani na wenzake, ulianza kwa msaada wa Wellcome Trust ya Uingereza. Mtandao wa Afrika wa utafiti wa ugonjwa huo, wenye kitovu chake Dar es Salaam, ulianzishwa 2017 kwa fedha za NIH. Kazi ni ya Waafrika, wagonjwa ni Waafrika, lakini sehemu kubwa ya uamuzi wa bajeti hufanyika Bethesda, yalipo makao ya NIH, na London. Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba inasitisha kutoa ruzuku mpya zinazopitia vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa nje hadi utaratibu mwingine uwekwe. Tangazo la aina hiyo huwafikia watafiti wa bara hili bila wao kuulizwa.

Serikali za kanda hii hazikukaa bure. Muhimbili na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma zimeanza kupandikiza uloto, na Dodoma wamo watoto wenye selimundu waliopata huduma hiyo nchini mwao. Ila kutibu ni jambo moja, na kutafiti tiba itakayomudu mfuko wa mzazi wa kijijini ni jambo jingine. Umoja wa Afrika ulikwisha kukubaliana kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti. Nchi nyingi hazijafika.

Kila Juni mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki husoma bajeti, na wananchi husikiliza bei ya mafuta, sukari na ushuru wa magari. Safari ijayo, sikiliza pia fungu la utafiti wa afya. Mwulize mbunge wako mambo matatu: ni kiasi gani, ni kwa miaka mingapi, na ni nani atakayekagua matumizi yake.